Koo Tano, Kamba Moja

Wewe Mpekuzi, karibu. Ndiyo, wewe, unayesoma barua za watu bila hata kubisha hodi. Leo sikugombezi. Leo nakuomba kabisa ukae usome, maana nimekwama na sina mwingine wa kumuuliza.

Barua ni zangu na za mjomba wangu. Yeye ndiye aliyenilea. Alikuwa na bucha, na miaka ya kupasua mifupa kwa shoka imemmalizia masikio. Ukimpigia simu anajibu kwa sauti mpaka mtaa mzima unachangia maoni. Ndiyo maana tunaandikiana, na bahasha zinapita mkononi mwa dereva wa lori la mboga. Zake nimezitunza. Zangu huwa naziandika mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nafuta sana, kwa hiyo nakala ninazo. Tumbo-Chini ni mimi. Alinipa jina hilo nikiwa mdogo, kwa vile nilikuwa nashinda nimelala kifudifudi nikitazama sisimizi.

Soma, tutaonana mwisho.

*

9 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Nimefika na kazi nimepata! Vyeti usiniulize, maana sina na wao hawakuuliza. Waliniuliza kama nina subira, nikadanganya kwamba ninayo.

Ni kituo cha utafiti wa mazao, nje kidogo ya mji. Majengo marefu ya bati, korido inanukia sabuni, na kila mlango una makomeo mawili. Kazi yenyewe ni kufuga. Nimekabidhiwa koo tano, kila moja na mahali pake. Nazilisha, nazisafishia, nazihamisha zikibanana. Nina koti jeupe, Mjomba! Mikono ni mirefu lakini nimeikunja.

Bosi ni mama mmoja anayetembea kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Wewe kijana, hapa usije hata siku moja ukaniambia ni walewale." Maana yake nitakueleza siku nyingine.

Wasalimie wote. Kinyozi usimwambie mambo mengi.

Mpwa wako,
Tumbo-Chini

*

20 Januari

Mpwa wangu,

Marahaba, tena marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Koo tano! Wewe uliyekuwa unaogopa kumshika kuku! Mimi ni mtu wa nyama, koo nalijua: jike lililokwisha kuzaa na bado linazaa. Hakuna mtu mwenye akili zake anayemkabidhi mjinga koo tano.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Kinyozi. Nikamwambia huku nusu ya kidevu ina povu. Akasema, "Tumbo-Chini yupi? Yule aliyekimbia mbuzi alipopiga chafya?" Nikamwambia, "Huyo huyo, na sasa anavaa koti jeupe." Akaninyoa bila kunikata. Hajawahi.

Haya nijibu, maana watu wananiuliza. Dume mnalo au mnaazima? Maziwa yapo? Pembe je? Zinakula nini?

Huku kunde zimevamiwa tena na wale chawa wa mimea, weusi, wameganda kwenye vikonyo kama masizi ya sufuria. Natamani nimjue anayewalisha nimkamate shingo.

Mjomba wako,
Bucha

*

2 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Nakujibu yote.

Dume hatuna hata mmoja. Hawahitajiki. Wote ni majike na wanazaa bila kukoma, mtoto anazaliwa akiwa na mtoto wake tumboni. Maziwa, wanatoa kitu kitamu sana, na wako wanaowakamua, ila si sisi. Pembe zipo mbili, lakini zimekaa mahali pengine kidogo. Chakula ni majani mabichi tu.

Na hapa ndipo penye utamu, Mjomba, sikiliza! Ukiwatazama wote watano huwezi kuwatofautisha. Rangi moja, umbo moja. Lakini wa kwanza ukimwekea mbaazi ananuna mpaka afe, anataka kunde tu. Wa pili anakula kunde lakini za aina fulani, nyingine anagoma. Wa tatu anakula chochote, hana haya. Wa nne hashambuliwi na maadui wanaowamaliza wenzake. Na wa tano ametoka huko huko kwenu bondeni! Sisi tunawaita Wabondeni. Hao ni wakaidi: baridi wanaicheka, chakula kinachowaua wenzao wao wananenepea. Joto tu ndilo lisiwaguse.

Bosi anasema watu wengi wanaona sura moja wanadhani tabia ni moja.

Pole kwa kunde. Jaribu maji ya sabuni.

Mpwa wako,
Tumbo-Chini

*

15 Februari

Mpwa wangu,

Hakuna dume! Nimeelewa mara moja, mnapandisha kwa sindano. Kinyozi hakuelewa, nikamfafanulia mbele ya wateja mpaka mmoja akainuka na kitambaa shingoni akitaka kuuliza swali.

Sasa kaa chini. Nakuja. Lori la mboga litanichukua mwisho wa mwezi na Kinyozi anakuja pia, nimemlipua kwa maneno mpaka hana pa kukimbilia, lazima aone kwa macho yake. Nimenunua kamba mpya. Siombi Wabondeni, hao ni wa kazi. Lakini koo zinazozaa namna hiyo hazikosi ndama mmoja wa ziada, na Bosi wako ni mama, ataona mvi zangu. Nikirudi na ndama wa kisasa kwenye kamba, nikapita naye polepole mbele ya benchi la Kinyozi, hata nikifa ni sawa.

Usijisumbue na chakula. Koti livae.

Mjomba wako,
Bucha

*

3 Machi

Mpwa,

Nimefika salama.

Sikutaka kuandika. Nimeandika kwa sababu mke wangu amesema nisipoandika nitakuwa mtoto kama wewe.

Ungeniambia. Pale getini tu, nilipoteremka na ile kamba begani, ungeniambia. Wewe ukaniacha nipite korido yote naitafuta harufu ya zizi. Ukaniacha nimwamkie yule mama, nimwambie nimekuja kuwaona ng'ombe. Akacheka akidhani ni utani. Halafu akaniona uso, akaacha. Kule kuacha kwake ndiko kulikoniua. Kinyozi yeye alisubiri kwa adabu mpaka tukapanda lori, kisha akasema, "Ndama wako utamfunga kamba au uzi?" Njia nzima, mpwa wangu. Dereva ilibidi asimame acheke vizuri.

Kamba nimeiacha chini ya kitanda chako kwa makusudi.

Ila jambo moja nitalisema nisije nikalala nalo. Nilichungulia kwenye kile kioo chako cha kukuzia. Nilikuwa na hasira, lakini nilichungulia. Nimemwona mmoja amezamisha mdomo kwenye jani anakula, na huku nyuma anazaa. Mtoto anatoka miguu kwanza, amekamilika, anatembea. Nimechinja maisha yangu yote, sijaona koo wa namna ile.

Mjomba wako

*

14 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Hii ni karatasi ya sita, tano nimezichana.

Sina la kujitetea. Niliondoka huko nikijisifu kwamba nakwenda kuwa mtaalamu, na siku ya kwanza nikapewa brashi ya rangi na vizimba vya chawa. Ningeandikaje? "Mjomba, wale unaowaponda kwa kidole, mimi ndiye ninayewalisha"? Ulisema utanikamata shingo! Basi nikaandika kwamba nafuga. Na neno koo, Mjomba, halikuwa uongo: ukiwa mmoja ni ukoo, zikiwa tano ni koo. Kila ukoo ni mama mmoja na mabinti zake na wajukuu, hakuna damu ya nje inayoingia. Neno lilikuwa la kweli, mwongo nilikuwa mimi. Nilipoona umelielewa kivyako, nikaona raha yako, nikakuacha nayo. Ulipoandika kuhusu kamba nilitaka kukuzuia. Nilikaa na kalamu mpaka lori likawa limeshaondoka.

Wanaitwa vidukari; zile pembe mbili wanazo nyuma mgongoni, na wanaowakamua ni sisimizi. Nakwambia sasa wanatufaa nini, ili angalau ujue aibu yako ilikwenda wapi.

Kuna mbegu mpya ya kunde hapa, inasemwa vidukari hawaiwezi. Vidukari gani? Hilo ndilo swali la Bosi! Kuna nyigu mdogo kama punje ya ufuta, anatagia mayai ndani ya kidukari. Ukoo wa kwanza anaufyeka wote, ukoo wa nne hata haumsikii, na sura ni ile ile. Na mbegu ni hivyo hivyo. Ikiushinda ukoo mmoja bado hujajua kitu. Mkulima akiambiwa "ni walewale" anapanda shamba zima, halafu unaingia ukoo mwingine unakula mpaka maua. Kwa hiyo kila mbegu lazima ipite kwenye koo zote tano. Wabondeni ndio mtihani mgumu, na ndio walio shambani kwako.

Ikipita kwa Wabondeni, Mjomba, mfuko wa kwanza ni wako. Bosi amekubali. Bado anakuuliza hali.

Nisamehe.

Mpwa wako,
Tumbo-Chini

*

2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Mke wangu amenisomea yako kwa sauti maana miwani nimeikalia. Alipofika kwenye nyigu nikamwambia rudia.

Kinyozi amenipa jina, naitwa Mjomba Chawa. Watoto wa shule wananiamkia nalo, wanadhani ni heshima. Mwanzo nilikuwa nazunguka njia ya nyuma nisipite pale. Sasa napita. Wiki hii nimekaa kwenye benchi lake nikawaeleza habari za koo tano kama ulivyoniandikia, na walipoanza kucheka nikawauliza, "Kwani kunde zenu mwaka huu mmevuna ngapi?" Nikawaambia wale wadudu mliowacheka ndio wanaoonja mbegu kabla yetu, na anayewalisha ni mpwa wangu.

Kwa hiyo nakusubiri. Ikipita kwa Wabondeni nitapanda shamba zima na nitawagawia majirani, Kinyozi wa kwanza. Nataka nipite pale mbele na kitu mkononi safari hii.

Wabondeni hawajambo? Wasalimie. Waambie waseme kweli.

Mjomba wako,
Chawa (naona sasa nisaini hivyo)

*

20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo.

Koo zote tano ziko salama. Jaribio limekwisha. Mbegu imepita. Bosi amesaini zigawiwe kwa wakulima wachache wajaribu mashambani kwao. Dereva ana mifuko yako.

Niko na kazi nyingi, nitaandika vizuri baadaye.

Tumbo-Chini

*

5 Mei

Mpwa wangu,

Barua fupi, mifuko mizito. Nimekusamehe barua kwa sababu ya mifuko.

Ungekuwepo! Nilipita katikati ya njia na mfuko begani, nikautua kwenye benchi la Kinyozi juu ya magazeti yake. Nikasema, "Ndama huyu hapa." Watu walicheka lakini cheko lilikuwa langu. Nimegawa mpaka kwa yule mama wa cherehani ambaye hajawahi kunisalimia. Kinyozi amechukua sehemu kubwa kuliko mimi, ana watoto wengi. Akaniuliza pembeni, bila utani, "Una hakika?" Nikamwambia, "Mpwa wangu alinidanganya mara moja, akaona uso wangu ulivyokuwa. Hawezi tena."

Mbegu za zamani tumechemsha tukala, mtaa mzima. Ya nini kuziweka? Bomba la kupulizia dawa nimemrudishia mwenyewe. Wingu limeshatanda, tunapanda mvua ya kwanza ikigusa tu.

Andika barua ndefu. Mama wa cherehani anataka kusikia habari za nyigu.

Mjomba wako,
Chawa

*

13 Mei

Mjomba,

Usipande.

Nimelitanguliza neno hilo isije mvua ikafika kabla hujamaliza kusoma. Usipande, na waambie wengine wasipande. Kama mmeshaanza, ishieni kona moja tu.

Wabondeni walikufa, Mjomba. Walikufa Aprili, kabla sijakuandikia ile barua fupi. Kwenye chumba cha koo zote tano kuna feni ya kutolea joto nje, inapiga kelele kama debe la misumari. Ilikuwa Jumamosi, nilikuwa nasikiliza somo kwenye simu, mtu anaeleza jinsi vidukari wakibanana wanavyozaa watoto wenye mabawa. Nilikuwa nimechangamka, unanijua. Nikazima feni ili nisikie vizuri. Somo likaisha, nikatoka mbio kutafuta wenye mabawa kwenye maua ya getini. Feni sikuiwasha. Jumatatu nilifungua mlango, joto likanipiga usoni.

Wale wa koo nne nyingine walikonda lakini walikuwa hai. Wabondeni walikuwa wamekauka kwenye majani, ukigusa wanadondoka kama majani ya chai. Wote. Mama, mabinti, wajukuu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa macho yangu kwamba si walewale. Na hapo hapo, Mjomba, nikachukua brashi, nikatoa wa ukoo wa pili, wale wanaochagua kunde, kwenye kizimba chao, nikawaweka kwenye kizimba cha Wabondeni, juu ya miche ile ile ya majaribio. Unajua nilijiambia nini? Nilijiambia, ni walewale, nani atajua.

Hakuna aliyejua. Bosi alikuja na kioo chake, akaona wamepungua, akasema, "Hata Wabondeni!" Akanipiga bega kwa furaha. Bado nalisikia lile bega.

Na baya zaidi ni hili. Siku chache kabla ya joto niliwaona Wabondeni wa kweli juu ya mbegu hiyo. Walikuwa wananenepa. Walikuwa wanazaa.

Bosi sijamwambia. Nataka kumwambia. Nimeanza na wewe kwa sababu wewe ndiye uliyesema siwezi tena.

Tumbo-Chini

*

25 Mei

Mpwa wangu,

Barua yako imenikuta shambani na jembe. Tulikuwa tumeshapanda, wote. Nimeisoma, nimeikunja, nimeichoma nyuma ya jiko. Mke wangu akauliza moshi wa nini, nikasema karatasi za zamani.

Nisikilize. Usimwambie yule mama.

Najua unanishangaa. Mimi ndiye niliyekuchapa kwa kuficha yai lililovunjika. Lakini aibu ya kwanza niliibeba peke yangu, nikaiacha chini ya kitanda chako. Hii nitaiweka wapi? Ukisema huko, watakuja na gari, watatangaza kwenye kila shamba kwamba mbegu ya Mjomba Chawa ni mbovu. Kinyozi ana watoto saba wanaoitegemea. Nitamtazamaje?

Tena wewe mwenyewe umenifundisha kwamba si walewale. Basi labda hawa wa kwangu si wale waliokufa kwako. Labda hawa watashindwa nayo. Si inawezekana? Niambie inawezekana.

Zimeota vizuri, majani mapana. Juzi nilipita mpakani mwa shamba la Kinyozi nikainua jani nikatazama chini. Wapo. Wachache, kwenye kikonyo. Nikawaponda kwa kidole. Jana nikarudi, nikaponda wengine. Leo nimeamka kabla ya watu, nimekwenda mstari kwa mstari shambani kwake, kisha kwa mama wa cherehani. Vidole vyangu vimekuwa vyeusi, havitoki kwa sabuni. Kinyozi amenikuta natoka shambani kwake. Akaniambia, "Mjomba, hata kwangu unapalilia? Mungu akubariki." Akanipa mkono. Nikampa wa kushoto.

Kwenye kopo hili nimekuwekea kikonyo kimoja cha kunde, nimetoboa kifuniko kwa msumari wapumue. Ni wa kutoka kwa Kinyozi. Warudishe kwenye kile kizimba, koo zitakuwa tano tena, hakuna atakayejua kilichotokea. Yaishe.

Kunywa maji. Najua huli.

Mjomba wako

*

1 Juni

Mpekuzi, umefika? Haya.

Hii haiendi kwa Mjomba, ni yako. Naandika nimekaa kwenye benchi la korido, sabuni inaniingia puani, kopo liko magotini. Lilikuwa kopo la kahawa zamani, lina kutu pembeni. Dereva amenipa asubuhi akasema, "Mjomba wako amekonda. Anashinda mashambani mwa watu."

Nimefungua nikatazama kwa kioo. Kikonyo kimenyauka lakini wao wamo, weusi, wanang'aa. Walipoondoka huko walikuwa wachache. Njiani wamezaa. Kuna vitoto vimetambaa mpaka kwenye kifuniko vinatafuta jani. Ni Wabondeni? Sijui. Kwa macho siwezi kujua, hata Bosi hawezi. Njia ni moja tu, kuwaweka juu ya ile mbegu na kungoja. Na Mjomba ameshafanya hivyo bila kujua. Majibu yapo kwenye vidole vyake.

Nimepiga hesabu zote kichwani. Nikiwarudisha kimyakimya kwenye kizimba, hapa kituoni mambo yanakuwa sawa kabisa, koo tano, koti jeupe, bega langu linapigwa. Kule, mzee anaamka kila siku kabla ya watu, anaponda kwa kidole wadudu wanaozaa huku wanakula. Hawezi kuwamaliza. Wakianza kuota mabawa watakuwa wameshafika kwa wote, kunde zikiwa kwenye maua. Nikisema sasa, bado kuna muda, Bosi ana sabuni ya kupulizia, ana nyigu, ana mbegu nyingine inayokomaa haraka. Mtaa utakula. Lakini gari litasimama mbele ya benchi la Kinyozi, na Mjomba aliyeniomba kitu kimoja tu maishani atajua kwamba nimemkana. Safari hii hatanichapa. Atazunguka tena njia ya nyuma.

Na mimi sijui kama nataka kusema kwa ajili ya kunde za watu, au kwa sababu tu siwezi tena kulisikia hili bega.

Jana nimeitoa ile kamba chini ya kitanda. Mpya, haijafunga kitu. Nimefungia nayo kopo ili kifuniko kisitoke.

Sasa nimesimama. Nimegonga mlango, sijui hata ni lini nimeinua mkono. Ndani kiti kimesogea. Bosi amesema, "Pita, kijana. Hicho ulichoshika ni nini?"

Wewe ungemjibuje?